Je, Asiyekuwako Aweza Kudhulumiwa?

Ndugu msomaji, katika elimu ya maadili yako maswali ambayo kwa mtazamo wa kwanza huonekana kuwa ya mchezo, lakini mtu akiyafuata mpaka mwisho huyakuta yamesimama mlangoni pake. Mojawapo ni hili: Je, mtu ambaye hakupata kuwako duniani aweza kudhulumiwa? Akili yajibu upesi kwamba haiwezekani. Dhuluma, kama wanavyoieleza wanavyuoni, ni kukiweka kitu mahali pasipo pake, au kumnyima mwenye haki haki yake. Asiyekuwako hana mahali wala hana haki. Basi hapana mdhulumiwa, na pasipo mdhulumiwa hapana dhambi.

Hata hivyo liko jambo moja litokealo kila siku katika nyumba za waandishi na ofisi za wachapishaji, nalo latulazimisha tulitazame jibu hilo mara ya pili. Mwandishi wa vitabu vya watoto hubuni mtu kwa kalamu. Humpa jina, umri, rangi, wazazi na tabia. Humtembeza katika kurasa nyingi, akala, akalia, akashinda. Kisha, kabla kitabu hakijapigwa chapa, humwondoa. Mtoto atakayekinunua kitabu hatajua kamwe kwamba pale palikuwa na mtu. Twauliza basi: Je, kuna ubaya wowote katika tendo hilo? Na kama upo, umemwangukia nani?

KUKATA SI DHAMBI

Yatupasa kwanza kuwatendea waandishi uadilifu. Hakuna kazi ya mikono isiyokuwa na vipande vilivyotupwa. Seremala akitaka kuutumia kila ubao alioupasua, hatapata mlango bali rundo la mbao. Vivyo hivyo msimulizi akimruhusu kila mtu aliyemjia akilini aingie katika kisa chake, hatapata kisa bali soko.

Wazee wetu waliosoma shule za zamani walikijua kitabu kiitwacho Elisi katika Nchi ya Ajabu, kilichotolewa kwa Kiswahili mwaka 1940. Mwandishi wake, Mwingereza Lewis Carroll, aliandika pia kitabu cha pili juu ya msichana yule yule, kiitwacho Through the Looking-Glass, kilichotoka mwaka 1871. Katika kitabu hicho cha pili Carroll alikuwa amemtia nyigu mzee, mgonjwa na mwenye hasira, aliyevaa nywele za bandia. Mchoraji wa picha za kitabu, John Tenniel, alimwandikia barua tarehe 1 Juni 1870 akamweleza kwamba sura ile haimvutii hata kidogo, na kwamba nyigu mwenye nywele za bandia ni kitu kisichochoreka. Carroll akakubali, na nyigu akaondolewa. Kwa muda wa miaka 100 na zaidi sura ile haikusomwa na watu, mpaka karatasi zake zilipojitokeza katika mnada mjini London mwaka 1974, zikachapishwa mwaka 1977.

Hapana mtu awezaye kumlaumu Tenniel wala Carroll. Mmoja alitoa shauri kwa ajili ya uzuri wa kitabu, na mwingine alilipokea kwa ajili hiyo hiyo. Lakini sura ile ilipopatikana, wasomaji waliona jambo. Ndani yake msichana yule, aliyekuwa na haraka ya kuvuka kijito akawe malkia, anarudi nyuma kwa kuwa amesikia mzee akiugua. Anamsaidia kusogea mahali pasipo na upepo, anamsomea gazeti, na kumvumilia ukali wake. Nyigu alipokatwa, wema ule nao ulikatwa pamoja naye. Basi tangu mwanzo tuishike kanuni hii: mhusika haondoki peke yake. Huondoka pamoja na kile ambacho msomaji angekiona kwa kupitia kwake.

MTOTO ALIYEKATWA

Sasa tuje kwenye kisa kilicho karibu nasi zaidi. Roald Dahl alizaliwa Wales mwaka 1916 kwa wazazi wa Kinorwe. Mwaka 1938 kampuni ya mafuta ya Shell ilimleta Dar es Salaam akiwa kijana wa miaka 22. Alijifunza Kiswahili, akafanya kazi Tanganyika mpaka vita vilipoanza mwaka 1939, ndipo akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Baadaye akawa miongoni mwa waandishi wa watoto wanaosomwa zaidi duniani, akafariki mwaka 1990.

Kitabu chake kijulikanacho kuliko vyote, Charlie and the Chocolate Factory, kilitoka Marekani mwaka 1964. Ni kisa cha mtoto maskini, Charlie, apataye tikiti ya dhahabu ya kuingia katika kiwanda cha ajabu cha chokoleti pamoja na watoto wengine wanne. Wanne hao wanaponzwa na tabia zao, huyu kwa ulafi, yule kwa kudekezwa, hata anabaki Charlie mnyenyekevu peke yake, na mwenye kiwanda anamfanya mrithi wake.

Katika rasimu za mwanzo watoto walikuwa wengi zaidi. Alikuwako Miranda Piker, binti wa mwalimu mkuu, mpenda masomo kupita kiasi, aliyekuja kukatwa. Sura yake ilichapishwa peke yake baadaye. Walikuwako wavulana wawili walioupuuza mwiko wa kiwandani. Nao walikatwa, na kisa chao kilitokea katika gazeti la The Guardian la Uingereza mwaka 2014. Hatuna haja ya kuwalilia watoto hao. Kisa chenye watoto 5 huenda mbele. Chenye watoto 10 hujikwaa. Hapa mwandishi alikuwa seremala na mbao zake.

Lakini katika rasimu mojawapo ya mwanzo, iliyoitwa Charlie's Chocolate Boy, Charlie mwenyewe alikuwa mtoto mweusi. Mwaka 2017 mjane wa Dahl, Felicity, alieleza katika redio ya BBC kwamba Charlie wa kwanza aliyeandikwa na mumewe alikuwa mtoto mweusi. Naye Donald Sturrock, aliyeandika maisha ya Dahl, alieleza kuwa ni wakala wa vitabu vyake aliyeliona jambo hilo kuwa halifai, kwa kuwa watu wangeuliza kwa nini.

Ndugu msomaji, neno hilo lataka kufikiriwa. Watu wangeuliza kwa nini! Charlie alipofanywa mweupe, hakuna aliyeuliza kwa nini ni mweupe. Mtoto mweupe aliingia kitabuni kama mtu aingiavyo nyumbani kwake. Mtoto mweusi alitakiwa aeleze amekuja kutafuta nini. Wala hakushtakiwa kuwa anaharibu kisa. Hakuna aliyesema kwamba kwa weusi wake njaa yake haiaminiki, au unyenyekevu wake hauna mvuto. Alikatwa kwa sababu ya macho ya watu waliokuwa bado hawajakisoma kitabu.

WALIOBAKI

Huenda mtu akadhani kuwa baada ya hapo kitabu cha mwaka 1964 kilikuwa hakina mtu mweusi. Sivyo. Mweusi aliyekuwa shujaa aliondolewa, na weusi waliokuwa vibarua wakabaki. Wafanyakazi wa kiwanda kile, waitwao Oompa-Loompa, katika chapa ya kwanza walikuwa mbilikimo weusi waliotolewa ndani kabisa ya misitu ya Afrika. Mwenye kiwanda aliwasafirisha kwa siri ndani ya masanduku yaliyotobolewa matundu. Ujira wao ulikuwa kokwa za kakao. Hukaa ndani ya kiwanda, huimba na kucheka, na vyakula vipya vya mwenye kiwanda hujaribiwa juu ya miili yao. Haya yote yalisimuliwa kwa furaha, kama jambo la kuchekesha.

Na mbilikimo wa kuchekesha hakutoka hewani. Mwaka 1904 Ota Benga, kijana wa Kimbuti kutoka Kongo, alipelekwa Marekani kuonyeshwa katika maonyesho ya St. Louis. Mwezi Septemba 1906 aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York, na watu wakaja kwa maelfu kumtazama. Wachungaji weusi wa mji ule ndio waliosimama wakapinga, mpaka akatolewa. Mwaka 1916, ambao ndio mwaka aliozaliwa Dahl, Ota Benga alijiua katika mji wa Lynchburg, Virginia. Hatusemi kwamba Dahl alimfikiria mtu huyu alipoandika. Twasema tu kwamba kabla mwandishi hajamtia mbilikimo ndani ya sanduku la hadithi, wako waliokwisha mtia ndani ya kizimba cha chuma.

Nasi tulioko Kanazi, wilayani Ngara, hatuna udhuru wa kudhani kwamba watu hao ni wa katika picha. Ng'ambo ya mipaka yetu, Rwanda na Burundi, wako Batwa, na vyungu walivyofinyanga vimepikiwa chakula na vizazi vingi vya majirani zao. Wana majina yao, wana watoto wao, na Mola wao ndiye Mola wetu. Sura Al-Hujurat yakataza watu wasiwadhihaki watu wengine, ikitoa sababu ambayo mwenye dharau hupenda kuisahau, nayo ni kwamba adhihakiwaye huenda akawa bora mbele ya Mungu kuliko mwenye kudhihaki.

MDHULUMIWA NI NANI?

Sasa twaweza kulijibu swali letu. Charlie mweusi hakudhulumiwa. Hakuwa na roho wala mwili, hakuona uchungu alipopigwa kalamu, wala hatasimama Siku ya Kiyama kudai haki yake. Aliyedhulumiwa ni mwingine, naye ni mtoto asomaye.

Mwaka 1965 mwalimu mmoja wa Marekani, Nancy Larrick, alitangaza matokeo ya uchunguzi wake. Katika vitabu 5,206 vya watoto vilivyotolewa na wachapishaji 63 katika miaka ya 1962, 1963 na 1964, ni vitabu 349 tu vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja, yaani wastani wa 6.7 kwa kila 100. Kitabu cha Charlie kilitoka katika muda huo huo. Mtoto mweusi wa Chicago au wa Alabama aliyeingia maktaba na kusoma vitabu 14 aliweza kujiona, kwa kadiri ya hesabu hiyo, katika kimoja. Na hata katika hicho pengine alijiona akibeba mizigo ya wengine. Hakuna aliyemwambia kwa kinywa kwamba yeye si mtu wa kupewa tikiti ya dhahabu. Vitabu vilimwambia kwa kunyamaza. Na mtoto mweupe aliyeketi meza ya pili naye alidhulumiwa, kwa kuwa alifundishwa kwamba ulimwengu ni wake peke yake, na siku atakapokutana na ulimwengu wenyewe atakuwa mgeni ndani yake.

Yafaa tulitambue jambo moja katika hesabu hiyo, kwa maana ndani yake mna somo kubwa la maadili. Katika dhuluma ya namna hii si lazima atokee mtu wa kuketi mahali na kuamuru kwamba vitabu 93 katika kila 100 viwe havina mtu mweusi. Yatosha kila mmoja akate mmoja. Wakala aseme, mimi sina neno, bali mchapishaji hatapenda. Mchapishaji aseme, mimi sina neno, bali wenye maduka hawatapenda. Mwenye duka aseme, mimi sina neno, bali wazazi hawatanunua. Kila mmoja anamwogopa wa mbele yake, na mikono ya wote inabaki safi. Hivyo ndivyo dhuluma kubwa huweza kutendeka pasipo dhalimu ajulikanaye. Kila mmoja huchangia kidogo, na kila mmoja ana udhuru.

Basi tutapambanuaje kati ya kukata kuliko halali na kukata kuliko na lawama? Mtume Mtukufu (s.a.w.) alitufundisha kwamba matendo huhesabiwa kwa nia. Mwandishi na ajiulize: Lau kama hapangekuwa na mtu yeyote wa kumwogopa, ningemkata huyu? Akijibu ndiyo, kwa kuwa kisa chakwenda vizuri zaidi bila yeye, basi na amkate kwa amani kama Carroll alivyomkata nyigu. Akijibu hapana, basi na ajue kwamba si kalamu iliyokata, ni hofu.

MAJIBU KWA WAPINZANI

Huenda akasema mwenye kupinga: Rasimu ile haikuwa ya heshima kamili. Mtoto yule mweusi alinaswa ndani ya chokoleti, akachukuliwa kuwa sanamu ya kuliwa, akapelekwa kama zawadi kwa mtoto wa mwenye kiwanda. Je, hiyo nayo si dhihaka?

Jibu letu ni kwamba kasoro hiyo ipo, na si haki kuificha. Lakini tusome mpaka mwisho. Katika rasimu ile ile mtoto huyo, akiwa amefichika ndani ya chokoleti, anawashuhudia wezi usiku, anasababisha wakamatwe, na kwa ujasiri wake anapewa duka kubwa lenye jina lake. Kasoro ya mtu aliyemo kitabuni hutengenezeka. Mwandishi aweza kuandika tena mara ya pili na ya tatu, kama Dahl alivyokuwa na desturi ya kuandika. Aliyekwisha kutolewa hana cha kutengenezwa.

Huenda akasema wa pili: Wakala ni mfanyabiashara. Ana watoto wa kulisha, na kitabu kisichouzwa hakimlishi mtu. Jibu letu ni kwamba biashara ni halali, na faida ni halali, wala hatumtaki mtu auze hasara. Lakini dini zote zimemwekea mfanyabiashara mpaka mmoja usiovukwa, nao ni mizani. Mwenye duka apunjaye kibaba kwa kuwa wateja wake hawajui kuhesabu hasemwi kuwa mjanja. Asemwa kuwa mwizi. Nacho kitabu cha watoto ni kibaba cha kuwapimia watoto ulimwengu. Apunguzaye watu ndani yake, kwa kuwa watoto hawawezi kujua nani hayumo, amepunja.

Atasema wa tatu: Hizi ni hadithi tu. Mtoto husoma, hucheka, hulala. Kwa huyu jibu letu halihitaji safari ya mbali. Ng'ambo ya mto Kagera, katika nchi ya Rwanda, ilisimuliwa hadithi ya wana watatu: Gatwa, Gahutu na Gatutsi. Baba yao aliwapa maziwa wayalinde usiku kucha. Kulipokucha Gatwa alikuwa amekunywa ya kwake, Gahutu alikuwa ameyamwaga, na Gatutsi peke yake alikuwa ameyahifadhi. Ni hadithi fupi, ya kusimuliwa motoni. Lakini angalia kazi yake. Katika hadithi hiyo hakuna nafasi ya Mtwa mwaminifu, wala ya Mhutu mwangalifu, wala ya Mtutsi mlafi. Watu hao wote, ambao twajua wako katika kila kabila duniani, walikuwa wamekwisha kukatwa kabla msimulizi hajafungua kinywa. Mtoto alizaliwa akakuta amekwisha gawiwa kazi yake.

Hatusemi kwamba hadithi hiyo ndiyo iliyoua watu. Kulikuwa na wakoloni wa Kibelgiji walioandika kabila katika vitambulisho, kulikuwa na siasa, na kulikuwa na redio za chuki. Lakini chuki ilipokuja iliwakuta watu waliozoea tangu utotoni kumwona jirani kuwa mhusika mwenye kazi moja tu. Sisi wa Ngara twaujua mwisho wake. Katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, yaliyowalenga Watutsi, maji ya Kagera yalipitisha maiti. Na tarehe 28 na 29 Aprili mwaka huo watu wapatao 250,000, wengi wao Wahutu waliokimbia vita, walivuka daraja la Rusumo wakaingia wilayani kwetu kwa muda wa saa kama 24. Aliyeliona jambo hilo, au aliyesimuliwa na wazazi wake walioliona, hatasema tena kwamba hadithi ni hadithi tu.

KUTENGENEZA KWA KIMYA

Turudi kwenye kile kitabu. Ilipokuwa ikitayarishwa filamu yake, iliyotoka mwaka 1971, chama cha NAACP, kiteteacho haki za watu weusi Marekani, kilipinga sura ya wale mbilikimo. Mwaka 1972 mwandishi Eleanor Cameron alikikosoa kitabu hicho vikali katika jarida la The Horn Book. Mwaka 1973 ikatoka chapa mpya: Oompa-Loompa hawakuwa tena weusi wala watu wa Afrika, bali watu wadogo weupe wenye nywele za rangi ya dhahabu na hudhurungi, kutoka nchi ya kubuni. Dahl alieleza kwamba hakuwa amekusudia ubaguzi, na hatuna sababu ya kumwita mwongo.

Kuacha dhihaka ni kheri, na kila aliyeisaidia kheri hiyo anastahili shukrani. Lakini, ndugu msomaji, tazama lililotokea. Mara ya kwanza alitolewa mweusi aliyekuwa shujaa, ili wanunuzi wasiulize. Mara ya pili walitolewa weusi waliokuwa vibarua, ili wakosoaji wasiulize. Baada ya safari zote mbili, Mwafrika hakubakiwa na nafasi wala ya juu wala ya chini. Ilikuwako njia nyingine: kuwapa wale watu wadogo lugha yao, ujira wa haki na mlango ulio wazi. Lakini kumtoa mtu ni kazi nyepesi kuliko kumheshimu.

Na yote yalifanyika kwa kimya. Mtoto aliyenunua kitabu baadaye hakuambiwa kwamba kabla yake watoto wengine walisomeshwa kisa kingine. Jambo la namna hii lilizuka tena mwezi Februari 2023, ilipofahamika kuwa wachapishaji wa Puffin wamebadili mamia ya maneno katika vitabu vya Dahl. Kelele zilipopigwa, wakatangaza kwamba chapa za zamani nazo zitaendelea kutolewa kando ya zile mpya, ili msomaji achague. Wengine waliuona ushindi kwa upande wao, wengine kwa upande mwingine. Sisi twaona somo la toba.

Katika Sura Al-Baqarah, baada ya kuwaonya wale wafichao ukweli, Mwenyezi Mungu awataja waliosamehewa kwa sifa tatu: walitubu, wakatengeneza, na wakabainisha. Hii ya tatu ndiyo isahauliwayo. Mtu aliyetengeneza bila kubainisha amefanya jambo jema, lakini ameiacha kazi kabla haijakamilika, kwa maana wale waliodanganywa jana hawajaambiwa, na wale wa kesho hawatajifunza. Ukurasa mmoja mwanzoni mwa kitabu, uelezao kwa lugha ya mtoto kilichokuwamo na sababu ya kuondolewa, ungetosha. Watoto huelewa zaidi ya tunavyodhani. Mtoto aambiwaye kwamba wakubwa walikosea wakarekebisha hujifunza mambo mawili kwa siku moja.

KIPOFU ALIYEACHWA KITABUNI

Uko mfano mmoja uonyeshao namna ambavyo Mwenye hikima huandika. Siku moja Mtume Mtukufu (s.a.w.) alikuwa akizungumza na wakuu wa Makka, watu wenye mali na sauti, akitumaini waongoke. Katikati ya mazungumzo akaja kipofu, Abdullah bin Umm Maktum, mtu asiye na cheo, akakatiza maneno ili apate kufundishwa. Sura Abasa yaanza na kisa hicho.

Lau kisa hicho kingepitishwa katika ofisi ya mhariri wa kidunia, nani angekatwa? Hapana shaka ni kipofu. Hana utajiri, hana wafuasi, amekuja wakati usiofaa, na kuja kwake kwaharibu mazungumzo ya wakubwa. Watu wangeuliza kwa nini yumo. Lakini Kurani Tukufu ilifanya kinyume. Wakuu wale walipita kisani bila kutajwa majina. Kipofu ndiye aliyewekwa mwanzoni mwa sura, na sura yenyewe yasomwa katika sala mpaka leo na Waislamu wa kila rangi. Ikawa dalili kwamba mtu ambaye wengine wangemwona wa ziada, huenda yeye ndiye sababu ya kisa kuandikwa.

SISI WENYEWE

Huenda msomaji akasema kwamba yeye si mwandishi, wala hana wakala London. Lakini kila mzazi ni mhariri, na kila mwalimu ni mchapishaji. Tunapowasimulia watoto historia ya ukoo, twamtaja babu aliyefuga ng'ombe wengi na kumruka shangazi aliyekuwa na ukoma. Tunapowaeleza juu ya kijiji, twawataja waliojenga nyumba za bati, na kumwacha yatima aliyelelewa kwa zamu na majirani. Tunapotunga mchezo wa shule, mtoto mlemavu twamwambia akae atazame. Tunaposimulia habari za wakimbizi wa mwaka 1994, twasimulia misitu iliyokatwa na mashamba yaliyoharibiwa, na kuisahau familia iliyofika na kilemba cha mizigo kichwani ikatuomba maji. Kila mmoja wetu anakata mmoja tu. Kila mmoja wetu ana udhuru.

Basi na tufanye mambo matatu. La kwanza, katika hadithi tunazowasimulia watoto wetu, iwe kwa Kiswahili, kwa Kihangaza au kwa Kishubi, tumpe mara moja moja nafasi ya ushujaa yule ambaye hadithi za zamani zimemzoeza kuchekwa. Mtwa na awe mwaminifu, mjane na awe mwenye hekima, kipofu na awe wa kwanza kuuona ukweli. La pili, mtoto akituuliza kwa nini fulani hatajwi, tusimnyamazishe, tumbainishie. La tatu, wale miongoni mwetu wenye kipawa cha kuandika wasingoje ruhusa ya miji ya mbali. Mtoto wa Kanazi hatadai kwa mtu wa Uingereza tikiti ya dhahabu, ikiwa wazee wake wana karatasi na kalamu nao hawakumwandika.

Mwenyezi Mungu atujalie tuwe wapimaji wa haki katika maneno yetu kama tutakiwavyo kuwa katika vibaba vyetu, na asituache tukawa miongoni mwa wale waliomtoa mtu mahali pake kwa kuogopa swali la watu, wakasahau kwamba liko swali jingine linalowangoja. Amin.